Mtoto Anakula Lakini Haongezi Uzito: Tujue Kazi ya Vimeng'enya Tumboni



Miaka michache iliyopita nilihudhuria mkutano wa kikundi kimoja cha akina mama ninachokitembelea. Tulipofika ajenda ya tatu, mama mmoja kijana alisimama akiwa na kitabu cha kliniki mkononi. Mtoto wake alikuwa na miezi 11. Alikuwa akinywa uji vikombe vitatu kwa siku, hakuwa na homa wala hakuwa anaharisha. Lakini kwa miezi mitatu ile laini ya uzito kwenye kitabu ilikuwa imelala tu, haipandi.

Jirani alikuwa amemwambia kwamba tumbo la mtoto halina nguvu ya kusaga chakula. Tena kulikuwa na mchuuzi sokoni aliyeuza chupa ya vidonge, ati vinaongeza vimeng'enya vya tumbo. Bei ya chupa ilizidi pesa ambazo mama huyo angepata zamu yake ya mzunguko ikifika. Kwa hiyo aliomba kikundi kimkopeshe.

Wote wakanigeukia mimi. Nami niliona aibu, kwa sababu mwaka mmoja kabla ya siku hiyo ni mimi niliyewafundisha akina mama hao hao wapike uji wa mtoto uwe mwepesi ili asikabwe. Hebu niwaeleze jinsi mambo haya mawili, uji wangu mwepesi na ile chupa ya mchuuzi, yanavyokutana.

KIMENG'ENYA NI NINI?

Chakula kikishamezwa bado hakijaingia mwilini. Kiko ndani ya mfereji mrefu unaoanza mdomoni na kuishia nyuma. Ili chakula kiingie kwenye damu na kujenga mwili, lazima kikatwe vipande vidogo sana, vidogo kuliko vumbi la unga. Meno hayawezi kazi hiyo yote. Kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya.

Vimeng'enya ni vitu vya aina ya protini ambavyo mwili wenyewe unavitengeneza. Mnaweza kuvifikiria kama fundi na panga lake: anakata kuni, na panga linabaki zima kwa kukata kuni nyingine. Lakini kila fundi ana kazi yake. Anayekata wanga hawezi kukata mafuta, na anayekata mafuta hawezi kukata nyama.

Fuateni safari ya tonge moja la ugali na maharagwe na sukuma wiki iliyokaangwa.

Mdomoni, mate yana kimeng'enya kinachoitwa amilesi. Hiki kinakata wanga, yaani ule unga wa mahindi, wimbi, viazi na mihogo, na kuufanya sukari. Jaribuni wenyewe mkutanoni: kila mtu atafune kipande cha ugali mkavu kwa dakika moja bila kumeza. Mtasikia kinaanza kuwa kitamu. Hiyo ni amilesi ikifanya kazi.

Tumboni kuna asidi kali, na kimeng'enya kinachoitwa pepsini. Hicho kinaanza kukata protini ya maharagwe, nyama, samaki na mayai. Asidi hiyo pia inaua vijidudu vingi tulivyomeza.

Kutoka hapo chakula kinaingia utumbo mwembamba, ambao kwa mtu mzima una urefu wa mita 6 hivi. Hapa ndipo kazi kubwa iko. Kongosho, ambalo ni kiungo kilicho nyuma ya tumbo, linamwaga amilesi nyingine ya kumalizia wanga, lipesi ya kukata mafuta, na vimeng'enya vya kumalizia protini. Ini linaleta nyongo. Nyongo si kimeng'enya, lakini inayatawanya mafuta kama sabuni inavyofanya kwa sufuria, ili lipesi iyafikie.

Mwisho kuna ukuta wa utumbo wenyewe. Ndani yake umejaa vinyweleo vidogo kama uso wa taulo. Juu ya vinyweleo hivyo kuna vimeng'enya vya mwisho, vinavyokata sukari ya maziwa, sukari ya miwa na ile inayotokana na wanga. Hapo hapo ndipo chakula kinapoingia kwenye damu.

Basi afya ya tumbo inategemea mambo mawili: vimeng'enya viwepo, na huo ukuta uwe mzima.

KWA NINI MTOTO ASIPEWE UJI KABLA YA MIEZI SITA

Mtoto mchanga akizaliwa, kongosho lake bado halitoi amilesi ya kutosha. Inaongezeka polepole miezi inavyokwenda. Ndiyo sababu uji unaopewa mtoto wa miezi miwili au mitatu haumfai. Kongosho lake bado halijajiandaa kwa wanga mwingi, na juu ya hayo uji huo unachukua nafasi ya titi na kumletea vijidudu vya maji na vikombe.

Maziwa ya mama yanakuja na msaada wake. Ndani yake mna lipesi inayomsaidia mtoto kusaga mafuta, na mna amilesi pia. Hakuna chupa ya dukani iliyo na mpango huo. Kwa hiyo ushauri wa kliniki wa kunyonyesha peke yake kwa miezi 6, bila maji na bila uji, unapatana kabisa na jinsi tumbo la mtoto lilivyo. Baada ya miezi 6 mtoto aanze chakula, huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 na zaidi.

KIKOMBE KILICHOJAA MAJI

Sasa turudi kwa yule mtoto wa miezi 11. Tumbo lake halikuwa na kasoro ya vimeng'enya. Kosa lilikuwa kikombeni.

Tumbo la mtoto wa kilo 8 linabeba kiasi cha robo lita kwa mlo mmoja, yaani kikombe kimoja. Uji mwepesi, ule unaomiminika kama chai nzito, una unga wa gramu 12 au 13 tu katika kikombe hicho. Kilichobaki ni maji. Mtoto anashiba, anakataa kuendelea, mama anafurahi kwamba amekula. Lakini ni maji yaliyomjaza.

Tukisema basi tuweke unga wa gramu 50 katika kikombe hicho hicho, mtoto atapata mara nne. Lakini uji huo utakuwa mzito kama ugali laini. Mtoto wa miezi minane hawezi kuumeza, na hapo ndipo hofu yangu ya kukabwa ilipotokea. Wanga ukipikwa unafyonza maji na kuvimba. Kwa hiyo mama yuko kati ya mambo mawili: uji unaomezeka bila chakula, au chakula kisichomezeka.

Je, hakuna njia ya tatu? Iko, na nyanya zetu waliijua.

KIMEA: KIMENG'ENYA KUTOKA SHAMBANI

Nilipoanza kueleza habari hii kwenye mkutano, nyanya mmoja aliyekaa nyuma alicheka akasema, "Mwalimu, si hiyo ni kimea? Tulikuwa tunaweka kwa busaa!"

Alisema kweli. Mbegu ya wimbi ikilowekwa na kuanza kuota, inatengeneza amilesi yake yenyewe. Inafanya hivyo ili ikate wanga uliohifadhiwa ndani yake na kulisha mche mchanga. Anayepika busaa anautumia uwezo huo kugeuza wanga uwe sukari, halafu sukari inageuka pombe. Sisi tunataka hatua ya kwanza tu, bila pombe.

Tena historia yake ni ya kupendeza. Mwaka 1833 Wafaransa wawili, Anselme Payen na Jean-François Persoz, walitoa kitu kutoka kwa shayiri iliyoota, kitu kilichoweza kugeuza wanga kuwa sukari. Hicho kilikuwa kimeng'enya cha kwanza kutengwa na wanasayansi. Kilitoka kwenye kimea. Na katika miaka ya 1980 watafiti wa jirani zetu Tanzania walionyesha kwamba unga kidogo wa kimea ukitiwa katika uji mzito wa mtoto, uji unalegea na kuwa mwepesi bila kuongeza maji.

Kikundi kile kilifanya jaribio siku hiyo hiyo. Tulipika sufuria moja ya uji mzito, tukaugawa katika bakuli mbili. Katika bakuli moja tulitia kijiko cha unga wa kimea, tukakoroga. Baada ya dakika chache bakuli ya kwanza ilikuwa bado inasimamisha kijiko, na ya pili ilikuwa inamiminika. Unga ni ule ule na maji ni yale yale. Wanga ulikuwa umekatwa tayari.

NAMNA YA KUTENGENEZA

1. Chagua wimbi safi, la msimu huu, lisilokuwa na ukungu wala dawa ya kuhifadhia mbegu. Mbegu za duka zilizopakwa dawa ni sumu, zisitumiwe kamwe.

2. Osha, toa mchanga, kisha loweka katika maji safi usiku mmoja.

3. Mwaga maji. Tandaza wimbi juu ya kitambaa safi chenye unyevu, funika kwa kitambaa kingine, weka mahali penye kivuli. Nyunyizia maji safi asubuhi na jioni kwa siku 2 hadi 3, mpaka vichipukizi vitokeze vizuri.

4. Ukiona ukungu wa rangi yoyote au ukisikia harufu mbaya, tupa yote. Usijaribu kuosha na kuokoa. Ukungu unaweza kuwa na sumu isiyoisha kwa kupikwa.

5. Anika juani juu ya turubai safi iliyoinuliwa kutoka ardhini, mpaka wimbi likauke kabisa. Usikaange. Moto mkali unaua kimeng'enya, na utabaki na unga wa kawaida.

6. Sugua kwa mikono, pepeta ili vichipukizi na vijimizizi vitoke. Anayetumia mtama asikose hatua hii, kwa maana vichipukizi vya mtama vina sumu. Kwa sababu hiyo mimi hushauri wimbi.

7. Saga, weka katika mkebe mkavu wenye kifuniko.

Kupika: Pika uji mzito kama kawaida mpaka uive. Epua, uache upoe kidogo, uwe wa moto lakini usiochemka. Tia kijiko kimoja cha chai cha kimea kwa kila kikombe cha uji, koroga, subiri dakika 5 hadi 10. Ukishalegea, rudisha jikoni uchemke tena dakika chache ili kuua vijidudu vilivyokuja na kimea. Hautakuwa mzito tena. Acha upoe, mlishe mtoto kwa kikombe na kijiko safi.

Jambo moja msisahau: kimea kinafungua nafasi tu, hakiongezi protini. Katika nafasi hiyo tia karanga zilizosagwa, unga wa omena, yai au maharagwe yaliyopondwa, na mafuta kidogo. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 ale mara 2 au 3 kwa siku, na wa miezi 9 na zaidi mara 3 au 4, pamoja na kunyonya.

KUHARA KUNAVUNJA UKUTA

Nilisema afya ya tumbo inahitaji pia ukuta mzima. Mtoto akiharisha sana, vile vinyweleo vya utumbo vinaumia, na vimeng'enya vilivyo juu yake vinapungua. Cha kwanza kupungua mara nyingi ni laktesi, kinachokata sukari ya maziwa. Mtoto mwenye utapiamlo naye vinyweleo vyake vinalala, na kongosho lake linatoa vimeng'enya vichache. Hapo anaingia katika mzunguko mbaya: hali vizuri kwa sababu ni mgonjwa, na anaendelea kuugua kwa sababu hali vizuri.

Habari njema ni kwamba ukuta huo unajijenga upya haraka. Chembe zake zinabadilishwa kila baada ya siku 3 hadi 5 hivi. Lakini fundi hajengi bila mawe. Kwa hiyo ile desturi ya kumnyima mtoto chakula ati tumbo lipumzike ni ya kuachwa. Mtoto anayeharisha aendelee kunyonya, ale kidogo kidogo mara nyingi, apewe maji ya pakiti za ORS yaliyochanganywa kwa kiasi kilichoandikwa, na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14 kama atakavyoelekezwa kliniki. Na nyumbani, kunawa mikono kwa sabuni, kutumia choo na kuchemsha maji ndiyo njia ya kulinda ukuta huo usibomolewe tena.

MAZIWA NA MAHARAGWE

Wengine wenu mnaniuliza kwa nini mtu mzima akinywa maziwa anaunguruma tumbo. Watu wengi duniani, wakishatoka utotoni, laktesi yao inapungua. Sukari ya maziwa inapita bila kukatwa mpaka utumbo mpana, na huko bakteria wanaila na kutoa gesi. Katika jamii nyingi za wafugaji laktesi haipungui hivyo. Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na Sarah Tishkoff walionyesha kwamba uwezo huo katika watu wa Kenya, Tanzania na Sudan ulitokea peke yake, mbali na ule wa Wazungu. Basi asiyeweza maziwa mabichi si mgonjwa, wala hajarogwa. Ajaribu maziwa lala au mursik. Bakteria wa kugandisha wamekwisha kula sehemu ya sukari hiyo kabla yake.

Maharagwe nayo yana sukari fulani ambazo hakuna binadamu mwenye kimeng'enya cha kuzikata. Gesi ya githeri ni ya wote, tajiri kwa maskini! Loweka maharagwe usiku kucha, mwaga maji hayo, pika kwa maji mapya. Itapungua.

NA ILE CHUPA?

Vidonge vya vimeng'enya ni dawa ya kweli kwa watu wachache, hasa walio na ugonjwa wa kongosho. Lakini daktari ndiye anayepima na kuandika, na vidonge hivyo hutengenezwa kwa namna ya kuvikinga na asidi ya tumbo. Kimeng'enya ni protini. Kikimezwa hivi hivi, tumbo linaweza kukiharibu na kukisaga kama linavyosaga yai. Mtu mwenye afya, ambaye kongosho lake ni zima, havihitaji.

Lakini sikusema kwamba kila tumbo linalouma litulizwe kwa kimea. Nendeni hospitali bila kuchelewa mkiona damu kwenye choo, choo cheusi kama lami, choo cha mafuta kinachoelea na kunuka sana siku nyingi, macho ya manjano, kupungua uzito bila sababu, au mtoto asiyeweza kunywa, mwenye macho yaliyozama au aliyelegea. Mtoto ambaye mkono wake wa juu unapimwa chini ya sentimita 11.5 kwa ule ukanda wa kupimia ana utapiamlo mkali. Huyo anahitaji matibabu ya kliniki, si uji wetu. Vivyo hivyo, mtoto ambaye laini yake imelala apelekwe kliniki kwanza, kama tulivyofanya na yule wetu.

Kliniki ilimpima na haikukuta ugonjwa. Mama akaanza uji mzito wa kimea na karanga, mara nne kwa siku. Mwezi wa pili laini ikaanza kupanda. Siwezi kusema ni kimea peke yake; mama pia aliongeza milo na majirani walimpunguzia kazi ya shamba ili awe karibu na mtoto. Lakini ile pesa ya chupa haikutoka. Kikundi kilinunua debe la wimbi, na sasa kila mwanakikundi mwenye mtoto mdogo anapata mkebe wa kimea kwa zamu.

Nami niliwaomba msamaha kwa ule uji wangu mwepesi. Yule nyanya akaniambia, "Hata wewe umejifunza, mwalimu. Sasa kaa ule."

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, uji wa mtoto wa miezi 8 unapikwa mwepesi au mzito? Nani alitufundisha hivyo?

2. Ni pesa ngapi kikundi chetu au nyumba zetu zimetumia mwaka huu kwa dawa za tumbo za wachuuzi? Zingenunua wimbi, karanga na mayai kiasi gani?

3. Mtoto akiharisha, kwetu anapewa chakula au ananyimwa? Tutabadilisha nini?

4. Ni nani kati yetu anajua kuotesha kimea? Atatufundisha lini, na nani ataleta wimbi?